Mabega

Kifaru kimekauka tangu Jumanne,
kijani kilichochujuka, tope hadi kwenye minyororo.
Waliobaki ni watu wake wanne,
kila mmoja kimo cha kidole changu cha mwisho.

Nugzari ameinamia taa, lenzi jichoni.
"Hawa si wake. Kifaru ni cha arobaini na mbili,
hawa wamevishwa mabega ya arobaini na tatu."
Mimi, niliyewashonea suti mabwana harusi wa Kutaisi
miaka thelathini,
naona vinundu viwili, vidogo kuliko punje ya mtama.

"Nani atajua?"
Hajibu. Anachukua wembe.

Anakwangua. Vumbi la plastiki
linatua kwenye sahani ya jozi, sasa hazilliki.
Cheo anakihamishia kolani,
kibandiko kwa kibandiko, kwa ncha ya sindano yangu.

Ukutani yuko amu yake, Besarioni,
amesimama kando ya kifaru, macho kwenye jua.
Bega lake tupu. Barua zilikoma
kabla amri ya mabega mapya haijatoka.

Picha hiyo nimeipangusa tangu niolewe.
Leo nimeitazama kama fundi:
mikono ya koti imemfunika hadi vidoleni,
mshono wa bega umeshuka nusu shibiri.
"Koti si lake," nasema. "Kaazima,
au walimvisha la mwenziwe."

Nugzari anavua lenzi.
Anatazama picha, ananitazama mimi,
halafu ananisogezea kiti, na yule mdogo wa mwisho.
"Mrefushie mikono."