Saa Nane na Dakika Saba

Kibandiko kinasema 014. Hakisemi Kapela.
Kapela Mihayo, mrina asali wa mbele ya Kaliua,
aliyeletwa Urambo juu ya pikipiki,
amefungwa kwa kanga kiunoni mwa shemeji yake
asije akadondoka njiani kwa usingizi.

Ndorobo ilimuuma akiwa mtini, miezi mingi nyuma,
na kitu kidogo chenye mkia kikaingia,
kikazunguka damuni hadi kikaupata ubongo,
kikamgeuzia saa: mchana akawa gogo,
usiku akawa mlinzi wa wodi nzima,
anahesabu mabati, anamwita mbwa aliyekwisha kufa.

Nilimsomea fomu ya ridhaa, kurasa tisa.
Alisikiliza mbili, akalala, akaamka kwenye ya mwisho:
"Rudia hapo uliposema naweza kukataa."
Nikarudia. Akacheka, akaomba wino wa dole gumba.
Kalunde, mkewe, alizisikiliza zote tisa
ndipo akaweka sahihi ya shahidi, taratibu, kama anayeshona.

Dawa ni vidonge. Tumboni patupu haipandi,
na hilo ndilo tunalolichunguza:
ugali uliopimwa kwenye mizani, maharage, kijiko cha karanga,
halafu kidonge, halafu mimi na sindano yangu
saa ya kwanza, ya pili, ya nne, ya nane,
na tena usiku wa manane,
tujue inapanda hadi wapi, inaanza kushuka lini,
nusu yake inadumu kiasi gani kabla ini halijaimaliza.

"Damu yote hiyo mnaipeleka wapi?" Kalunde aliuliza.
Nikamwonyesha mashine inayoizungusha
hadi wekundu ukae chini
na juu yabaki maji ya rangi ya asali changa.
Aliyatazama sana.
"Hayo hata yeye angeyakubali sokoni."

Na Kapela, siku ya pili, katika robo saa ya akili timamu,
alinieleza somo nililolikariri chuoni kwa mstari wa grafu:
"Moshi ukiwa kidogo, nyuki wanakasirika tu.
Ukizidi, unaua majana, na asali inanuka.
Kazi ipo katikati pale,
na usiuache uishe kabla mkono haujatoka mzingani."
Niliyaandika pembeni mwa daftari,
kwani hapakuwa na kisanduku cha kuyaweka.

Siku ya tano, saa nane kamili,
nikaja na trei, tochi mdomoni.
Kimya. Hakuna anayehesabu mabati.
Moyo ukanidondoka, nikajua amekufa.
Nikainama: pumzi. Mdomo wazi,
kiganja chini ya shavu.
Amelala. Usiku. Kama watu.
Kalunde, mkekani sakafuni, macho makavu kwa kukesha,
akanitikisia kichwa: usithubutu.

Itifaki inasema saa nane, ukichelewa sana dakika tano.
Nikasimama.
Nje jenereta ikakohoa, ikatulia.
Nikamsikiliza akikoroma.
Sikuwahi kufundishwa kwamba mkoromo nao ni matokeo.

Kisha nikamgusa bega,
kwa kuwa yupo mwingine, Sikonge labda, au Kaliua hukohuko,
anayepanda mti kesho na moshi wake mkononi,
ndorobo bado hajamwona,
naye namba hii ataihitaji.
Kapela akafungua jicho moja.
"Binti, sasa ugonjwa ni wewe."
Akanyoosha mkono. Sindano haijatoka, keshalala tena.

Nikajaza fomu ya mkengeuko.
Muda uliopangwa: saa nane.
Muda halisi: saa nane na dakika saba.
Sababu: hapo mstari ni mfupi, hautoshi hata kidole.
Nikaandika, mshiriki alikuwa usingizini,
nikaitazama kalamu,
nikaongeza: usiku.