Kona ya Kushoto

Mvua ya Iquitos haibishi hodi.
Iliingia karakana pamoja na Robinson Tapullima
akisukuma mototaksi yake, taa zote kiza,
na nyuma bado ameketi abiria,
mama mwenye kikapu cha samaki,
kwa kuwa nauli alikwisha kulipa.

Nilda Ahuanari hakuinuka.
Alimaliza kwanza kumenya waya kwa meno,
jambo alilonikataza mimi mara mia,
akatema ganda jekundu sakafuni.
"Fyuzi?"
"Nzima," akasema Robinson.

Nikafungua kikasha chini ya kiti.
Fyuzi haikuwamo.
Mlikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
imekunjwa vizuri, karibu niseme kwa mapenzi.

"Mjumbe hauawi," akasema Nilda.
"Huyu alikuja mara ngapi kukuambia nyumbani kunaungua?
Mara sita?
Na wewe ukamziba mdomo, ukaendelea na safari."

Mwaka ule nilidhani umeme ni maji,
ukitoboa popote, unamwagika.
Nilda ndiye aliyeninyoosha:
umeme ni mtu wa kwenda na kurudi.
Hutoka chanya, hufanya kazi aliyotumwa,
hurudi hasi kupitia vyuma vya fremu.
Mnyime njia ya kurudi, hatoki ndani.
Mpe njia ya mkato, atarudi mbio
mikono mitupu,
na huko njiani atachoma kila atakachogusa.

Tukavua tangi. Lo!
Taa za buluu chini ya ngazi, redio, feni ya abiria,
honi inayolia kama ndege tukani,
na nyaya zote za manjano, zote,
kwa sababu siku hiyo sokoni manjano ndiyo ilikuwa rahisi.
Viungo vimefungwa plasta ya vidonda.

Palipokuwa na karatasi, Nilda akaunga balbu kuukuu.
"Ikiwaka kwa nguvu, shoti ipo. Itazame, usinitazame mimi."
Akachomoa redio. Inawaka.
Feni. Inawaka.
Tukani. Inawaka.
Akashika usukani, akaupeleka kulia:
ikafifia, ikazimika.
Kushoto:
ikawaka hadi nikaona magamba ya samaki.

Robinson akatazama mvua.
"Ndiyo maana!" mama akapasuka kule nyuma.
"Tangu Machi huyu hakati kushoto!
Kona moja ya Belén tunaizunguka kwa kulia tatu,
samaki wangu wananuka njiani,
nikimwuliza, anasema barabara imefungwa!"

Pale shingoni, usukani unapojigeuza,
waya ulikuwa umesuguliwa na chuma miezi na miezi,
shaba imechungulia kama jino la dhahabu.
Uharibifu wa urefu wa ukucha.
Nilda akakata, akasokota, akatia risasi ya moto,
akavika mpira juu, akaufunga mbali na chuma,
lakini akauachia ulegevu.
"Mbuzi hula urefu wa kamba yake," akaniambia,
"na usukani hukata kona kwa urefu wa waya.
Ukibana sana, utarudi hapa kabla ya Krismasi."

Fyuzi mpya, ampea kumi na tano.
Nyingine ya akiba akaibandika kwenye kifuniko.
Soli tisa, na samaki mmoja
ambaye mama alisema akatwe kwenye nauli ya kesho.

Nilisimama mlangoni kuwatazama.
Penye kona indiketa ilipepesa kushoto,
ikapepesa, ikapepesa, ikapepesa,
mwanamume mzima akiogopa mkono wake mwenyewe,
kisha wakapotea,
na kutoka upande ule tukani akalia mara moja.

Ile karatasi ya fedha Nilda aliitundika kwenye msumari
pamoja na wenzake. Nilishazihesabu: ishirini na moja.
Ya chini kabisa imeungua nusu.
Siku niliyouliza ni ya nani
alinipa koleo,
akasema nyaya zinanisubiri.