Dukani kwa Virji

Nilipewa patasi, nikaambiwa: bandua.
Ya juu ni nyekundu ya kampuni ya simu,
chini yake buluu ya benki iliyokaa miaka miwili,
chini yake kijani, kijani ya duka la ushirika
ambamo mama alipanga foleni nami mgongoni,
akasubiri sabuni, akarudi na viberiti.
Chini ya kijani, chokaa.
Chokaa ya Virji.

Mpwapwa nzima iliendelea kusema dukani kwa Virji
hata Virji alipokwisha kuondoka,
hata serikali ilipobadilisha kufuli,
hata popo walipokuwa wapangaji pekee.
Bati lake lilishuka kwa treni pale Gulwe,
likapanda huku kwa punda.
Mwashi, sijui jina lake. Hakuna anayelijua.
Juu ya mlango aliacha kiganja
kwenye udongo mbichi, vidole vinne.

Ndoano ingali kwenye boriti.
Hapo ilining'inia mizani,
hapo walipima nta, ngozi, samli,
na wazee walijua kwamba jiwe la kununulia
lilikuwa zito kuliko jiwe la kuuzia.
Walijua. Walileta.
Wangepeleka wapi kwingine?

Nikabandua. Nyuma ya palipokuwa na rafu
ikatokea penseli, mwandiko wa kulala,
tarakimu za kwao, majina ya kwetu:
Mlugu, kaniki mbili. Chilewa, chumvi.
Kisha, chini kabisa, karibu na sakafu:
Ndahani, mtama, madebe matatu,
mvua ikinyesha.

Ndahani ni babu yangu.
Nikakaa juu ya ndoo ya rangi.

Wenzake wote wamepigwa mstari.
Yeye hakupigwa.
Na mvua ilinyesha, hilo nalijua,
baba alizaliwa kifuku kile, wakamwita Mvula.
Je, alilipa, Virji akasahau kufuta?
Au alikuja mkono mtupu, akaambiwa, nenda?
Jiwe lile zito, madebe haya matatu:
nimejaribu kuyapima kichwani,
mkono mmoja huku, mmoja kule,
hayakai sawa.

Mwenye nyumba mpya anataka nyeupe kote
ifikapo Ijumaa. Jumatatu ataanza kuuza dawa.
Nimepaka. Kuta tatu na nusu.
Ile nusu nimeisogezea kabati lake,
nikamwambia pale pana unyevu,
pasiguswe.