Kinachokula Usiku

Tangu Ramadhani iishe, kila asubuhi ni neno moja:
Bi Arafa anapiga simu kabla sijamaliza mbaazi zangu,
"Fundi, imelala tena."
Ni ile kwodi nyekundu, magurudumu manne manene,
wageni huipanda mchangani Shanzu, nusu saa elfu mbili.
Betri tatu ameshanunua Mwembe Tayari.
Muuzaji akimwona sasa hugeuka kupanga oili.

Jioni ukiiwasha inanguruma. Asubuhi ukibonyeza kitufe
inasema tik. Tik.
Kisha hata hiyo tik inaona haya.

Nilianza na chumvi, maana huku pwani
chumvi ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kila kesi.
Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani;
nikavisugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya magadi
hadi risasi ikang'aa kama jino jipya.
Asubuhi: tik.

Nikapima chaji, injini ikiunguruma: kumi na nne na nukta mbili.
Basi inalishwa. Inalishwa na kushiba,
halafu usiku kuna mkono unaingia chunguni.

"Ni Baya," akasema Bi Arafa.
Baya wa Ngonyo, mlinzi, kijana wa Kaloleni;
jina alirithishwa la babu yake,
na mjini hapa likamponza kabla hajafungua kinywa.
"Anaiendesha usiku. Anapeleka wasichana Mtwapa.
Nimemfukuza, na nusu mshahara nimeuzuia, ufidie betri."
Nikatazama magurudumu. Mchanga wake ulikuwa wa jana mchana, mkavu.
Sikusema kitu. Fundi halipwi kwa kusema.

Alifukuzwa Jumatatu.
Jumanne, Jumatano, Alhamisi:
tik, tik, tik.

Ijumaa baada ya sala nikabeba mita yangu ya manjano,
nikafungua ncha hasi, nikaiweka mita katikati
kama mshenga baina ya nyumba mbili.
Ufunguo nje, taa zimezimwa, injini baridi,
lakini namba zikasimama: ampea nukta nne mbili.
Kitu kinakunywa. Mrija mdogo, usiku kucha.

Nikatoa fyuzi ya taa. Nukta nne mbili.
Ya honi, ya feni. Nukta nne mbili.
Nikatoa na ile kubwa, kiganja kikajaa fyuzi
kama mtoto aliyerudi na njugu,
na mita haikupepesa jicho.
Hapo nikajua mwizi huyu hapiti mlangoni.
Amejitobolea tundu lake ukutani mwa ghala.

Nikang'oa kiti. Nikafuata nyaya kwa vidole:
nyekundu nene, nyeusi nene,
halafu mmoja mwembamba usio wa kiwandani,
umeviringwa tepu na mtu mwenye haraka.
Mwisho wake kijisanduku kama cha kiberiti,
kina jicho la buluu.

Wahenga walikitafuta nguoni; mimi nilikikuta chini ya kiti.

"Ah," akasema Bi Arafa. Akakaa juu ya ndoo.
Aliagiza mwenyewe. Mpwa wake Feisal alikifunga Idi pili,
"nijue Baya anaipeleka wapi."

Haikwenda popote. Usiku wote ilikuwa palepale,
chini ya mabati yasiyopitisha mbingu,
na kijisanduku, kwa kukosa setilaiti,
kikazidi kuita, kikazidi kuuliza
niko wapi, niko wapi,
kwa gharama ya betri.

Nikakata waya. Jumamosi iliwaka kwa mpigo mmoja,
kunguru wakaruka kutoka uani.

Bi Arafa alinilipa bila kuomba kupunguziwa, jambo geni.
"Kwenye risiti," akasema, "andika waya ulichubuka."
Nikashika kalamu.
Namba ya Baya ninayo. Siku ya kwanza aliniazima tochi,
na bado imo kwenye sanduku langu la spana.
Nimeijaribu. Inawaka.