Mzunguko wa Pili

Arua, kambi ya polisi, nyumba ya mabati namba kumi na saba.
Umeme umekatika tangu saa moja.
Kando ya taa ya chaji nimeuweka mpira
alioushona Baba, Koplo Onzima,
kwa sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta:
vipande kumi na viwili vyeusi, pembe tano tano,
ishirini vyeupe, pembe sita sita.
Cheusi kimoja kilikatwa kwenye buti lake kuukuu.

Waweza kuugeuza kwa namna ngapi
na jicho lisijue kwamba umeguswa?
Nilianza kuhesabu nikiwa darasa la sita,
nikamaliza Makerere, nikiona haya.
Kuuacha ulivyo: moja.
Kuushika kwa vyeusi vinavyopeana mgongo: kumi na mbili,
na kumi na mbili tena, maana kusogea hatua
si sawa na kuruka.
Kwa vyeupe: ishirini.
Kwa mishono, pale cheupe kinapopakana na cheupe: kumi na tano.
Sitini.

Sasa tafuta ufa.
Chukua ile moja, iongezee ukoo wowote,
ukoo mzima, usimbague mtoto:
kumi na tatu, kumi na sita, ishirini na moja, ishirini na tano,
endelea mpaka taa ife.
Hakuna jumla inayoigawa sitini bila baki,
ila moja mpweke, au wote sitini kwa pamoja.
Kundi la namna hii huitwa sahili.
Si kwa wepesi. Ni sahili kama jiwe la Mlima Wati:
lina nje, halina mlango.

Jumanne Candiru, mwanafunzi wangu, aliniuliza:
“Kama halina mlango, Mwalimu, unasoma nini humo kila usiku?”
Nikamjibu: kohomolojia.
Akacheka. Kwake lilisikika kama dawa ya minyoo.

Nikamwomba sahani.

Mama aliuza enyasa kwenye kantini ya kambi.
Aliibeba sahani kiganjani, akaipitisha chini ya kwapa
bila kumwaga mchuzi:
mzunguko mmoja, sahani imerudi,
ila mkono umesokoteka, kiwiko kinatazama dari.
Mzunguko wa pili, juu ya kichwa,
na mkono ukanyooka.
Sahani haijui tofauti.
Bega linajua.

Kwa hiyo juu ya sitini pana mia na ishirini,
kila mgeuko na kivuli chake.
Namna za kuwavisha kivuli ni mbili tu:
ya kwanza kimetundikwa begani kama koti, kinavulika;
ya pili kimeshonwa ndani kwa ndani,
ukikitoa, umechana nguo.
Mimi nasoma uzi huo.
Napanda ngazi baada ya ngazi nikiuliza, hapa pamebaki nini?
Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mia na ishirini.
Sifuri. Sifuri. Sifuri. Mia na ishirini.
Kama gwaride la askari mmoja
mwenye mguu mbovu, asiyeamriwa kusimama.

Baba alirudi kutoka Moroto siku ya Ijumaa,
begi lilelile, viatu vilevile.
Tulimkagua kama tunavyokagua mpira:
vidole kumi, kovu la utosini, pengo la jino.
Hakuna kilichopungua.
Mama akawaambia majirani, amerudi.
Naye akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mwezi na nusu,
asimwite yeyote kwa jina.
Sikuwa na hesabu bado
ya kumwambia Mama: ni sahani iliyorudi.

Mzunguko wake wa pili hatukuuona ulipoanza.
Labda ni asubuhi ile aliponyoosha mkono
akaomba sindano.

Umeme umerudi. Jirani anashangilia peke yake.
Nauzungusha mpira mara moja, nauacha.
Kuna mshono umeanza kuachia,
kati ya cheupe na cheupe,
na uzi wa nta tuliobaki nao
hautoshi.