Barafu ya Mkadini

Barafu naagiza Feri, alfajiri,
bonge moja elfu saba.
Linafungwa kwa gunia na pumba za mbao,
linawekwa boti ya Kondo juu ya mifuko ya saruji,
na saa nne, likishushwa hapa Mkadini,
robo yake imeshakuwa bahari.

Mimi nauza kilichobaki.
Bei haishuki. Watu wamezoea
kulipia njia.

Tu kaya kumi na tisa,
kwa hesabu ya yule kijana wa sensa
aliyekuja na kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni.
Akauliza: nani alilala hapa usiku wa kuamkia leo?
Mama Tatu akamtaja mwanawe Shomvi,
ambaye yuko Mbagala mwaka wa tano, anachomelea mageti.
"Alilala hapa?"
"Kitanda chake hakijakunjwa."
Kijana akatafuta kisanduku cha jibu hilo.
Akapangusa kioo kwa shati. Akatafuta tena.

Usiku mji unaonekana wote,
Posta mpaka Masaki,
ungesema mtu kamwaga makaa
akaitwa, akaenda zake.
Sisi tuna sola moja, ya zahanati isiyo na mganga.
Simu tunachaji humo, mia tatu,
na hiyo mia tatu inanunua chaki.

Maana Mwalimu Mwinshehe ana watoto kumi na mmoja na ubao mmoja,
kapiga mstari katikati:
kushoto la pili, kulia la nne.
Siku moja akauliza, jiji letu linaitwaje?
Wakaitikia wote, Dar es Salaam!
Na sisi tuko wapi?
Kimya.
Mjukuu wangu Sikudhani akanyoosha kidole:
"Tuko nyuma yake."
Mwalimu hakumpa vema, hakumpa kosa.

Mwaka jana kisima cha msikitini kilianza kuonja chumvi.
Tuliilaumu ndoo. Tukailaumu kamba,
tukamlaumu na mtoto wa Pazi, kwamba huoga pale na sabuni.
Kisha tukanyamaza,
aliyebaki kulaumiwa alikuwa bahari,
na bahari ndiye jirani,
hagombwi mtu unayemwomba kitoweo.

Wakaja wapimaji na darubini ya miguu mitatu.
Wakachora X nyekundu kwenye mawe,
moja kwenye ukuta wa jiko langu, juu kidogo ya masizi.
Hoteli, walisema. Mtapata ajira.
Kondo akauliza, ajira gani?
"Usafi. Ulinzi."
"Nilinde nini?"
"Kisiwa."
"Nani anakitaka?"
Wakakunja darubini yao.
Hiyo X nimeisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mchanga.
Masizi yametoka. Yenyewe ipo, inang'aa.

Na Ijumaa hii, boti ya Kondo ilichelewa.
Nikasimama majini hadi magotini nikihesabu hasara.
Ilipofika, juu ya barafu yangu
limelazwa geti.
La chuma, rangi ya buluu, lina maua ya kupinda na jina: SHOMVI.
Na Shomvi mwenyewe, kakonda, kovu la cheche shavuni,
kalishika kama mtu anayemshika mgonjwa.

Tukalibeba wanne. Lilikuwa baridi bado.
Tukalisimamisha mchangani mbele ya nyumba ya mamaye,
nguzo mbili, saruji kidogo, mawe.
Ukuta hakuna. Kulia mnazi, kushoto mbuzi.
Pazi akacheka mpaka akakaa chini.
Nikamuuliza Shomvi, umerudi au umeleta mzigo?
Akasema, "Acha saruji ikauke kwanza."

Leo siku ya tatu.
Watoto wanapita getini tu, wanapanga foleni,
ingawa pembeni pote ni wazi.
Mama Tatu usiku analifunga kwa komeo,
na asubuhi, nikimpelekea kipande chake,
nami nasimama, napiga hodi,
bonge linanichuruzika mpaka kiwikoni,
nangoja afungue.