Shaba kwa Matone

Jumatatu asubuhi nilimkuta kangaja
(jina lake nililipata kwa dereva wa lori)
anajikuna ubavu kwenye jiwe,
mwili una chembe nyeupe, kama aliyenyunyiziwa chumvi
akasahaulika kabla ya kukaangwa.
Wagonjwa wa meno wameketi, mashavu yamevimba,
wanamtazama kwa huruma ya watu
ambao wao angalau wamepewa namba.

Daktari Mwilambwe akasema: Mtenge.
Neno moja, koleo mkononi.

Basi chumba cha nyuma, palipokuwa na majalada,
nikaweka tangi la vioo, tupu kama sahani iliyolambwa.
Hakuna mchanga. Hakuna jiwe:
jiwe hunywa dawa, mgonjwa akabaki na kiu.
Vipande vitatu tu vya bomba, vya fundi wa choo
(vipya, nilimwapia daktari, vipya)
ili mwenye hofu apate pa kuingia.
Sifongo, hita, pampu ya hewa,
na betri ya gari chini ya meza,
maana umeme wa Kamalondo hauna desturi ya kuaga.

Bahari nikaikoroga kwenye ndoo.
Ilikuja unga, ndani ya mfuko,
siku tisa foleni ya Kasumbalesa,
ikagongwa muhuri kama saruji.
Ile nyingine, isiyo na ng'ambo, sijaiona.
Hii yangu ina lita sitini, na mpini.

Kisha dawa. Nikageuza lebo.
Shaba.

Nilicheka peke yangu, halafu sikucheka.
Mji mzima umetobolewa kwa kuitafuta,
makapi yake meusi yamekuwa mlima,
baba yangu ameitumikia miaka thelathini tanurini
akastaafu na saa ya ukutani
na kifua kinachopiga filimbi;
leo nauziwa mimi, kwa matone, kutoka ng'ambo,
kichupa kisichojaza kiganja, kwa dola.

Nilimpelekea aione. Akaiinua kwenye taa.
"Rangi ni yake," akasema. "Sisi tulikunywaka bila kuhesabu."
Kisha akauliza kipimo, kama mtu anayeuliza bei
ya kitu alichowahi kukitoa bure.

Kidogo leo, baba, kidogo kesho, siku nne hadi kifikie.
Ikipungua, kijidudu hunenepa.
Ikizidi, samaki mwenyewe ndiye hulipa.
Asubuhi na jioni natikisa maji kwenye kichupa,
nalinganisha buluu yake na buluu ya karatasi,
dirishani, jicho moja nimelifumba.

Kamba mwekundu sikumhamisha; yeye shaba humuua.
Amebaki huko mbele na mawe,
anapunga sharubu kuwaita wateja wasiokuja.
Humo humo kijidudu kinasubiri mwenyeji.
Tutamnyima wiki kumi na moja.
Watoto huuliza: samaki wamekwenda wapi?
Hospitali, nasema.
Wananitazama kama mimi ndiye ninayeumwa jino.

Yule mdogo wa mistari alikufa siku ya sita.
Nilimfunga kwenye pamba ya meno.

Siku ya kumi na moja kangaja alitoka kwenye bomba,
akadonoa mwani niliobana kwa kibanio cha nguo,
akadonoa tena, mkia ukapiga kioo: tak.
Nilikuwa na fagio. Nikaketi juu ya ndoo.

Baba hupiga simu jioni. Habari zangu haulizi.
"Ile shaba ingali imesimama?"
"Imesimama, baba."
Kikohozi. Halafu:
"Na maji unayoyatoa, unayamwaga wapi?"

Nina madumu manne ukutani, vifuniko nimekaza.
Mfereji uko hatua kumi, unashuka mtoni.
Kila usiku, kabla ya kufunga, nayahesabu.
Leo limeongezeka la tano.